Viwanja vya Ndege vya Beni na Butembo

Msafiri atokaye Goma kwenda Butembo kwa motokari hana budi kuvuka nchi ya wanyama ya Virunga, kisha kuukwea mwinamo mkali wa Kabasha. Mvua ikinyesha, malori yenye viazi na vitunguu hulala njiani. Ajuaye barabara hiyo hatatuuliza kwa nini twaandika habari za viwanja viwili vidogo: Rughenda katika Butembo, na Mavivi karibu na Beni.

Eropleni ziliingia Kongo mapema. Tarehe 1 Julai 1920 ilifunguliwa njia ya Mfalme Albert, ambayo ndege zake zilitua majini. Zilitoka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, zikaufuata mto hata kufika Stanleyville, yaani Kisangani. Mwaka 1922 njia hiyo ikafungwa. Mwaka 1925 rubani Edmond Thieffry alitoka Brussels, akafika Léopoldville baada ya siku 51! Lakini watu wa milima hii hawakupata faida upesi, kwa maana njia ya kwanza ya kampuni ya Sabena ilielekea Katanga penye shaba.

Baadaye ilikuja Air Congo mwaka 1961, ikaitwa Air Zaïre, ikafilisika mwaka 1995. Kampuni ndogo kama TMK ndizo zilizounganisha Goma, Butembo, Beni na Bunia, kwa ndege ndogo.

Mbona viwanja viwili, na miji yenyewe imeachana kilometa hamsini na kitu tu? Rughenda ipo kilimani, kupita meta 1,700 juu ya bahari. Huko hewa ni nyepesi. Mabawa na injini hupungukiwa nguvu, basi ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka. Mavivi ipo chini, kama meta 1,000, penye tambarare.

Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ndege zilileta Beni waganga na vifaa. Chanjo yenyewe yataka baridi ya digrii 60 chini ya sifuri, jambo gumu kwa lori lililokwama topeni. Walichanjwa watu zaidi ya 300,000; walikufa 2,287.

Wala anga haina huruma. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege iendayo Beni iliangukia nyumba za Goma mara baada ya kuruka, wakafa watu zaidi ya ishirini.

Mwisho wa Januari 2025 Goma ilitekwa na M23, na kiwanja chake kikafungwa. Serikali ya jimbo ikahamia Beni, na wageni wake wakashukia Mavivi.