Dawa ya Malale na Nywele za Usoni

Mbung'o tunamjua. Wengine humwita ndorobo. Anauma kweli kweli, na akiwa na vimelea vya malale huweza kumwachia mtu ugonjwa huo. Mwanzoni mgonjwa hupata homa, kichwa na viungo vinauma, tezi zinavimba. Watu husema, aa, ni malaria tu. Baadaye vimelea huingia kwenye ubongo. Hapo mgonjwa husinzia mchana, usiku hapati usingizi, anasema maneno yasiyoeleweka, pengine anagombana na watu wa nyumbani kwake. Sasa watu husema karogwa. Asipotibiwa, karibu kila mara hufa.

Leo tunataka kueleza habari za dawa moja ya malale, inaitwa eflonitini. Habari zake ni za ajabu kidogo, maana dawa hiyo hiyo iliwahi kuuzwa kama krimu ya kupunguza nywele kwenye nyuso za wanawake.

Kabla yake, mgonjwa aliyeingiwa na vimelea kwenye ubongo alichomwa sindano za melasoproli. Dawa hiyo ilianza kutumika mwaka 1949. Ndani yake mna aseniki, na aseniki ni sumu. Ikiingia mshipani inachoma kama moto. Katika kila wagonjwa 100 waliopewa, kama 5 hivi waliuawa na dawa yenyewe, siyo na malale. Lakini mganga afanye nini? Kumwacha mgonjwa ni kumwacha afe.

Eflonitini haikutengenezwa kwa ajili ya malale. Wataalamu wa kampuni moja ya dawa waliitafuta ili kutibu kansa, miaka ya 1970. Kwa kansa haikufaa sana. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani waliijaribu kwa panya wenye vimelea vya malale, na panya wakapona. Baadaye ilijaribiwa kwa wagonjwa huko Sudan. Watu waliokuwa hawajitambui wakaamka, wakala, wakaongea. Ndiyo maana wengine waliiita dawa ya ufufuo. Mwaka 1990 ilipata kibali Marekani.

Basi ungedhani mambo yameisha. Hayakuisha. Wagonjwa wa malale ni wakulima, wavuvi na wafugaji, hawana fedha za kununua dawa ghali. Kampuni haikuona faida, na mwaka 1995 utengenezaji ulisimama. Hebu tufikiri: dawa ipo, inajulikana kuwa inaponya, halafu haitengenezwi kwa kuwa wanaoihitaji ni maskini! Na miaka hiyo ugonjwa ulikuwa umepanda sana. Mwaka 1998 wagonjwa walioandikishwa Afrika walikaribia 40,000, na wengi zaidi hawakufika hospitali.

Halafu mwaka 2000 Marekani ikatoa kibali cha krimu yenye eflonitini, ya kupaka usoni. Kumbe nywele na vimelea vina jambo moja la kufanana. Vyote vinahitaji kimeng'enya fulani, yaani kitu kinachosaidia chembe hai kukua na kugawanyika. Eflonitini hukizuia kimeng'enya hicho. Kwa nywele, matokeo yake ni kuota polepole. Krimu haing'oi nywele, na mtu akiacha kuipaka, baada ya wiki kama 8 zinarudi kama zamani.

Hatuwacheki wanawake hao. Hata vijijini kwetu wapo wanaoota ndevu, na maneno wanayoambiwa kisimani wanayajua wenyewe. Siyo uchawi. Mara nyingi ni homoni za mwili zimezidi, na mwanamke ambaye nywele zimemwotea ghafla, au hedhi yake imevurugika, inafaa apimwe hospitali.

Lakini krimu ile iliwapa watu hoja. Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani walikuwa wakidai dawa irudi. Sasa ikawa vigumu kueleza kwa nini ipo ya uso wa tajiri na haipo ya uhai wa maskini. Mwaka 2001 kampuni ya Aventis, ambayo siku hizi imo ndani ya Sanofi, ilikubali kuitoa bure kupitia Shirika la Afya Duniani.

Kazi yake ilikuwa ngumu hata hivyo. Mgonjwa aliwekewa dripu kila baada ya saa 6 kwa siku 14, jumla dripu 56. Zahanati isiyo na wauguzi wa usiku ingewezaje? Tangu mwaka 2009 ilichanganywa na vidonge vya nifatimoksi, dripu zikapungua zikawa 14 kwa siku 7.

Sasa sikilizeni vizuri. Malale ni ya aina mbili. Eflonitini hufaa kwa ile ya Afrika ya magharibi na ya kati, kama Kongo, ambayo huenda polepole, hata miaka. Kimelea cha huko hukawia kutengeneza kimeng'enya kingine. Cha kwetu Afrika ya mashariki hutengeneza upesi, kwa hiyo dawa hii hakiiogopi. Na malale ya kwetu ina haraka, inaweza kuua katika majuma au miezi michache. Wanyama pori na ng'ombe hukaa na vimelea vyake. Kwa muda mrefu wagonjwa wetu walibaki na aseniki ile ile.

Siku hizi kuna vidonge vya feksinidazo, vinamezwa siku 10 pamoja na chakula. Vilipata kibali Kongo mwaka 2018 kwa aina ya huko. Kisha vilijaribiwa Malawi na Uganda kwa aina ya kwetu, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilivipendekeza viwe dawa ya kwanza hata kwa aina hiyo, kwa wagonjwa wa miaka 6 na zaidi wenye kilo 20 na zaidi. Wagonjwa nao wamepungua sana. Kenya ilithibitishwa mwaka 2025 kwamba malale si tatizo kubwa tena la afya ya jamii huko.

Ubaya wa kupungua ni kwamba waganga wengi hawajawahi kuiona. Kwa hiyo ukipata homa isiyosikia dawa ya malaria, na ulikuwa porini kwenye asali, mkaa au malisho, mwambie mganga: niliumwa na mbung'o, naomba damu yangu itazamwe kwa darubini.