Mkungu nilioukata



Injili ya leo, Jumapili ya tatu ya Kwaresima, inanigusa mimi binafsi, kwa hiyo naanza na maungamo. Miaka minane iliyopita, nilipokuwa mgeni katika parokia ninayohudumu hapa Unguja, upande wa Ng'ambo, niliamuru ukatwe mkungu uliokuwa mbele ya kanisa. Ulikuwa mti mkubwa, matawi yametandaa ghorofa juu ya ghorofa kama mikungu inavyojitandaza. Watoto wa mafundisho ya komunyo ya kwanza walikuwa wakipasua kungu kwa mawe kwenye ngazi za kanisa. Wazee walikaa hapo kusubiri misa ya pili. Umeme ulipokatika, kwaya ilihamia chini yake na mazoezi yakaendelea.

Kosa la mti ule lilikuwa nini? Majani. Mkungu, kama unavyojua, hugeuza majani yake kuwa mekundu, huyamwaga yote, kisha huchipua upya, na huweza kufanya hivyo mara mbili kwa mwaka. Waliofagia walichoka. Magari nayo yalikuwa yameongezeka na hayakuwa na pa kuegesha. Kamati ya ujenzi ikaja na hoja kwamba wenzetu wameshatandika vitofali vya pevingi uwanja mzima na sisi bado tunakanyaga matope. Nilisaini. Tukafanya harambee, Jumuiya Ndogo Ndogo zikashindana kuchangia, na siku ya uzinduzi nilihubiri kirefu juu ya usafi wa nyumba ya Mungu. Sikumbuki neno hata moja la mahubiri yale. Ninachokumbuka ni bibi mmoja jirani yetu, Mwislamu, mzaliwa wa Makunduchi, aliyesimama getini akitazama kisiki. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniambia, "Padri, mwanangu, magari mmeyapatia pahala. Watu je, mmewaweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Kaskazi ilipoanza kuvuma na jua la Januari kuwaka, waumini walitoka misa ya saa nne wakavuka uwanja kama wanaokimbia moto, kila mtu moja kwa moja nyumbani. Mazungumzo ya baada ya misa yakafa. Nilichukua muda kugundua kwamba huko ndiko nilikokuwa nikisikia nani anaumwa, nani kafukuzwa kazi, nani hajaonana na mumewe kwa mwezi mzima.

Kisha ikaja masika. Unguja hupata takribani milimita 1600 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa huanguka katika miezi michache hii ya Machi hadi Mei. Maji yaliyokuwa yakinywewa na udongo wa chini ya mkungu sasa yalikuta vitofali na saruji, yakageuka, yakaingia sakristia. Tulibeba kasula na vitabu kichwani. Kitabu kimoja cha ubatizo kililowa hadi wino ukayeyuka, na mpaka leo yamo majina ya wabatizwa ambayo hayasomeki. Mtu akija kuomba cheti cha kufungia ndoa, nalazimika kuwatafuta wasimamizi wake, kama wangali hai.

Nililalamikia mitaro. Muumini mmoja, fundi wa ujenzi, akanirudisha kwa upole: "Baba Paroko, mtaro hauna kosa. Sisi ndio tumeongeza maji." Akanikumbusha kwamba zamani Mji Mkongwe ulikaribia kuwa kisiwa. Kulikuwa na mkono wa bahari uliopita kati yake na Ng'ambo, maji yakijaa na kupwa, nao ulifukiwa kidogo kidogo. Darajani panaitwa hivyo kwa sababu palikuwa na daraja. Mvua ikinyesha, maji bado yanateremkia kule kule, na kila ua unaotandikwa saruji unayaongezea mwendo.

Sasa rudi nami kwenye Injili, Luka 13. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu kutafuta tini, hapati. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Tena anaongeza kosa la pili: mti unaikalia ardhi bure. Nilipoisoma wiki hii nilisikia sauti ya kamati yetu, na sauti yangu mwenyewe, tukisema mkungu "unakula nafasi". Mtunza shamba habishani. Hasemi mti ni mzuri. Anaomba mwaka mmoja, na papo hapo anajitwisha kazi: atachimbia kuzunguka shina, atatia samadi. Sisi mapadre tunapenda kuhubiri hapa uvumilivu wa Mungu, na ni haki. Lakini mara nyingi tunaliruka jembe, na samadi tunaiona haifai kutajwa altareni. Bila hivyo viwili, mwaka alioomba ungekuwa wa kuahirisha shoka tu.

Seminarini tulifundishwa kwamba katika Mwanzo 2:15 mtu anapewa bustani kwa vitenzi viwili vya Kiebrania: abad, kulima au kutumikia, na shamar, kulinda. Hicho cha pili ndicho kilichomo katika baraka ya Haruni, Hesabu 6:24, tunapomwomba Mungu atulinde. Yaani tunaombwa kuitendea bustani lile lile tunaloomba Mungu atutendee sisi. Swali hilo nililijibu vizuri kwenye mtihani, miaka mingi kabla ya kusaini karatasi ya kukata mkungu.

Usidhani kwamba kulinda ni kupanda mti wowote popote. Ukipita Mji Mkongwe, inua macho utazame kuta za nyumba zisizo na watu. Utaona miti ya jamii ya mtini imeota yenyewe kwenye nyufa, mizizi imeshuka ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe na kuupasua taratibu. Huo ni mtini ambao hata yule mtunza shamba wa Injili asingeuombea mwaka. Kuta zile zilijengwa kwa chokaa, ambayo hupitisha unyevu ukatoka nje. Mafundi wa siku hizi wakizipiga plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani na ukuta huoza ukiwa unapendeza kwa nje. Nilipoelezwa hilo nikakumbuka uwanja wetu. Nao ulikuwa unapendeza.

Wenyeji wa Mji Mkongwe hawana nafasi, lakini hawajawahi kukosa bustani. Katika ua wa ndani, juu ya paa, kwenye baraza la dirisha utakuta mkebe wa rangi uliotobolewa matundu chini, ndani yake mrehani au asumini, unanyweshwa maji yaliyooshea mchele. Jioni maua yanachumwa, yanafungwa kikuba. Bustani ya Forodhani ni ya watu wote. Ilitengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya Sultani Khalifa katika kiti, ikachakaa, ikakarabatiwa na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009. Nenda saa kumi na moja jioni ukaone masikini na tajiri wanavyogawana kivuli kimoja.

Hapo karibu yako Minara Miwili, kanisa kuu letu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu katika miaka ya 1890. Mmoja wa mapadre wa shirika hilo waliofanya kazi pwani hii wakati huo alikuwa Charles Sacleux. Wengi tunamjua kwa kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa. Wachache wanajua kwamba alikuwa pia mtaalamu wa mimea. Alikusanya mimea Unguja na Bagamoyo akiandika wenyeji wanaiitaje, na ipo jenasi ya mimea inayoitwa Sacleuxia kwa heshima yake. Mfaransa yule alitoka mbali akaanza kwa kuuliza majina. Mimi niliukuta mkungu na nikaanza kwa kuuliza bei ya msumeno.

Huko shamba mambo ni yale yale, kwa kipimo kikubwa zaidi. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Kilivuka hadi Bagamoyo kikabomoa na misheni yetu. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu nyingi zinatoka Pemba. Mikarafuu ile ya Unguja ilipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa, na Mkristo anayesifia harufu yake asilisahau hilo. Lakini hata kama shamba tu lilikuwa na hatari ndani yake: mti mmoja, soko moja, na upepo wa siku moja ukatosha. Sasa tembelea Dole au Kizimbani ulinganishe. Mnazi uko juu. Chini yake mfenesi na mdalasini, pilipili manga inaparamia shina, kisha migomba, na chini kabisa hiliki, manjano na tangawizi. Kila kimoja kinamfunika mwenzake. Jua haliupigi udongo moja kwa moja, mvua inafika chini imepungua nguvu, majani yaliyoanguka yanaoza na kuwa chakula. Watalii wanalipa kwenda kuona jambo ambalo babu zetu walilifanya bila kulipa jina.

Siku hizi lina jina, permakacha, na hapo Fumba wapo wanaoifundisha. Fumba ni ardhi ya mawe, udongo haba, nao wanalijaza shimo takataka za mimea, wanazungushia migomba, wanaelekeza humo maji ya jikoni na bafuni. Watu wa Makunduchi na Jambiani nao wamelima maweni tangu zamani, wakitafuta kifuko cha udongo katikati ya jiwe na jiwe wachomeke muhogo. Kwenye ufukwe wa mashariki nimeona pia bustani nyingine: nyasi za kizungu juu ya jiwe la matumbawe, zinamwagiliwa saa saba mchana, na nyuma ya ukuta mama anapanga madumu akisubiri maji. Nyasi zile ni za kijani kweli.

Basi miaka mitano iliyopita tuling'oa theluthi moja ya vitofali. Si jambo jepesi kumwambia muumini kwamba mchango wake unang'olewa, na wapo walioninunia kwa mwezi mzima. Bibi wa Makunduchi ndiye aliyekuwa mhandisi wetu. Alituagiza shimo la kina cha kiuno, makumbi ya nazi chini, majani juu yake, kisha samadi, kisha udongo. Vijana walichimba bonde dogo chini ya bomba la paa, maji ya mvua yaishie humo, na pembeni yake ikapandwa migomba. Majani hatuchomi tena, tunayarundika yawe mboji. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alieleza katika waraka Laudato si', wa mwaka 2015, kwamba Mtakatifu Fransisko wa Assisi alitaka sehemu ya bustani ya watawa iachwe bila kuguswa ili majani ya porini yaote. Nasi tuna kona ya namna hiyo nyuma ya sakristia. Sakristia yenyewe haijaingia maji tangu hapo.

Katikati, pale ulipokuwa mkungu, bibi alituletea mche wa mshelisheli uliochipua kwenye mizizi ya mti wa kwao, umefungwa kwenye gunia. Alitoa sharti moja: shelisheli la kwanza ni lake, la futari.

Mti umekua, una kivuli cha watu kumi hivi. Haujazaa. Mwezi uliopita kamati ilileta pendekezo: miaka mitano, hakuna tunda, na pale pangetosha banda zuri la magari manne. Walisema kwa adabu. Sikuwa na hoja ya kuwashinda, maana hesabu yao ilikuwa sahihi. Nikaomba mwaka mmoja. Mwenyekiti akatazama wenzake, akasema, "Haya Baba, lakini jembe utalishika mwenyewe."

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimekwenda pamoja, sisi na majirani zetu tunafunga siku moja. Jumatano nilipita kwa bibi kabla ya magharibi. Alikuwa anamenya muhogo wa futari.

"Limetoka?" akaniuliza, hata shikamoo yangu hajaiitikia.

"Bado, bibi."

"Umeuchimbia?"

Nikamwambia nimeanza. Akaniangalia mikono, akaendelea kumenya.

Kesho Jumatatu, baada ya misa ya asubuhi, unakuja mkokoteni wa samadi. Mvua imeshaanza kugusa ardhi na udongo umelainika. Mwenye jembe la ziada anaweza kuliacha kwa katekista.