Mwandishi wa Daftari la Duka

Katika kata ya Kemambo, wilayani Tarime, karibu na mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza kazi mwaka 2002, yako maduka mengi madogo. Wanunuzi wengine hupata fedha kwa vipindi: leo wanazo, wiki ijayo hawana. Kwa hiyo mwenye duka hukopesha, na hapo ndipo mwandishi wa hesabu anapohitajiwa, hata akiwa ni binti wa nyumbani aliyemaliza darasa la saba.

Kazi yake si kujumlisha tu. Yampasa kuandika saa ile ile, kitu kabla hakijatoka mlangoni: tarehe, jina, kitu, kiasi na bei. Deni lililoandikwa jioni kwa kukumbuka-kumbuka huzaa ugomvi. Sisi tulipata kuitwa kuamua shauri la namna hiyo. Mmoja alisema kilo moja, mwenziwe alisema mbili, tukaletewa kipande cha karatasi chenye jina tu, hakina hata tarehe. Tulishindwa, nao majirani wale wakaondoka bila kuagana.

Tena liko deni zito kuliko la jirani, nalo ni la nyumba yenyewe. Baba achukua sukari, mama achukua fedha ya mboga, wala hakuna aandikaye, kwa maana duka ni lao. Tuseme mfuko wa sukari umenunuliwa kwa shilingi 130,000, ukauzwa wote kwa 145,000. Fedha iliyomo sandukuni ni nyingi, lakini faida ni 15,000 tu, na nauli na pango bado hazijatolewa. Nyumba ikila 20,000, imekwisha kula mtaji. Mwandishi hodari huyaandika hayo pia chini ya jina la mwenye duka. Ni vigumu mtoto kumwandikia baba yake deni; basi baba na atoe ruhusa mapema, mbele ya mama.

Serikali nayo huitambua kazi hii. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka yalizidi shilingi milioni 4 wala hayakupita milioni 7, alitakiwa kodi ya shilingi 100,000 kama hakuwa na kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu alitakiwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5, basi, alilipa 30,000 kwa sababu ya daftari lake.

Kila Jumamosi jioni mwenye duka na mwandishi wahesabu fedha za sandukuni pamoja. Zikipungua, upungufu uandikwe vivyo hivyo. Mwandishi asitoe fedha mfukoni mwake ili hesabu ilingane. Tumewaona vijana waaminifu wakifanya hivyo kwa hofu, na mwizi wa duka akaendelea kuiba bila kujulikana.