Maharusi wa Mbwera: jengeni bila kula mbegu

SHEREHE ya harusi huisha kwa siku mbili tatu. Wageni wakishaondoka, bwana na bibi harusi hubaki na swali moja: tutaishi wapi na kwa kitu gani? Kwa vijana wa Mbwera, wilayani Kibiti mkoani Pwani, ambako riziki hutoka kwenye mpunga, samaki na nazi, swali hilo ni la mtaji kabla ya kuwa la starehe.

Kinachoyumbisha nyumba nyingi changa ni fedha zote kuishia kwenye vitu vya kuonekana. Mvua za kupandia zinafika, maharusi wana kabati na sofa lakini hawana mbegu, wala nauli ya kupeleka samaki sokoni. Hivyo, kabla ya kununua chochote, tengeni fedha ya mbegu, nyavu au genge, muiweke mbali. Nyumba ijengwe kwa kinachobaki.

Kiwanja na miti

Aprili 2024 mafuriko ya Mto Rufiji yaliingia kwenye nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Kabla ya kuchimba shimo la nguzo, waulizeni wazee na majirani maji yalifika wapi mwaka huo. Bondeni panatosha dungu la kulindia mpunga. Nyumba ya kulala ipande juu.

Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote nchini, na nguzo zake husifika kwa kuvumilia mchwa. Lakini msitu huo ni hifadhi. Nendeni kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) muulize kibali na ushuru. Kama mnanunua miti iliyokwisha kukatwa, muuzaji awaonyeshe kibali chake. Miti ya bei poa isiyo na karatasi yaweza kuwatia hasara kubwa kuliko nyumba yenyewe.

Chumba kimoja na ukumbi, kuta za fito na udongo na paa la makuti, vinatosha kuanzia. Makuti hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Bati hudumu zaidi, ila hewa ya chumvi huleta kutu. Mnaponunua, kumbukeni kwamba geji ikipanda bati huwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko geji 30.

Vitu vya ndani

Mizigo ya dukani hupanda gari, kisha mashua au boti, na kila hatua ina nauli yake. Vitu vikubwa visivyo vya lazima vingoje. Anzeni na kitanda, godoro, chandarua, sufuria mbili, ndoo zenye mifuniko, jembe, panga na taa ya sola. Mikeka ya ukindu itakalisha wageni kwa heshima zote. Mama mjamzito asiache kuuliza chandarua chenye dawa anapohudhuria kliniki, kwani hutolewa bure.

Mkopo wa kununulia samani ni hatari. Chukueni mfano wa Sh 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi riba ni Sh 40,000. Baada ya miezi mitano mmelipa riba ya Sh 200,000, na deni lenyewe bado liko palepale, huku sofa haijaingiza hata shilingi. Afadhali kuweka hisa kwenye kikundi cha kijiji na kununua kwa zamu, mavuno baada ya mavuno.

Jina la nani?

Mahari kwa Muislamu ni mali ya mke. Yakiingia kwenye ujenzi, iwe kwa hiari yake, na wawili hao wakubaliane mapema kama ni mchango au deni. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina ya wote wawili. Nayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mambo haya yakizungumzwa nguzo zikiwa bado hazijasimama, huzuia ugomvi wa baadaye.

Nyumba njema si mlango. Msimu wa kwanza mle na mpate mbegu ya msimu wa pili. Bati na kabati vitakuja kwa fedha za mavuno, bila mtu wa kuwagongea mlango akidai chake.