Dhabihu, Imani na Utii: Maneno Matatu ya Kiebrania



Twashukuru kwamba tunayo Biblia katika lugha tunayoielewa. Hata hivyo Agano la Kale liliandikwa karibu lote kwa Kiebrania, na yako maneno ambayo tukiyafunua kidogo yanasema nasi upya. Leo tutatazama maneno ya dhabihu, imani na utii. Msiogope, hatutawapeleka darasani. Huenda mmekwisha kutamka mawili ya ukoo huu tangu asubuhi bila kujua.

Tuanze na dhabihu. Kiebrania husema zebah kwa mnyama aliyechinjwa, na neno hilo ni ndugu wa dhabihu yetu, maana sisi tulilipata kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni lugha za tumbo moja. Iko pia ola, yaani kitu kinachopanda juu: mnyama aliyeteketezwa mzima, mtoaji asibakiziwe hata kipande cha kula. Lakini jina linalozikusanya sadaka hizi pamoja, kama tusomavyo katika Mambo ya Walawi 1:2, ni korbani, na shina lake ni kusogea, kuja karibu. Shina hilo hilo liko katika Kiarabu, na kutoka huko ndiko tulikopata neno letu karibu. Mgeni apigapo hodi, tunamjibu kwa neno lenye undugu na madhabahu ya Israeli!

Basi jina lenyewe latufundisha. Sadaka katika Walawi si kodi wala hongo. Ni njia aliyoiweka Mungu ili mtu mwenye dhambi apate kumsogelea. Swali la kumwuliza mtoaji ni hili: Je, umekuja karibu?

Twalikuta neno hilo tena katika Marko 7:11. Watu walitangaza mali yao kuwa Korbani, imewekwa kwa Mungu, kisha wakasema hawana cha kuwapa baba na mama. Bwana Yesu aliwakemea vikali. Neno la kukaribia lilikuwa limegeuzwa kuwa ukuta wa kujifichia. Na jambo hilo halikuishia Yerusalemu. Mtu aweza kusimama katika harambee ya kujenga kanisa, jina lake likatajwa kwa kipaza sauti, huku mama yake mzazi anakopa unga dukani.

Neno la pili ni imani. Shina lake katika Kiebrania ni aman, kuwa imara, na kwetu limezaa watoto wengi: amini, amana, mwaminifu, na ile amina tunayoitikia mwisho wa kila sala. Someni Kutoka 17:12. Musa alipochoka, Haruni na Huri walimkalisha juu ya jiwe, wakaishika mikono yake huku na huku, nayo ikawa thabiti mpaka jua likachwa. Neno la Kiebrania lililoko pale kwa uthabiti ule ni emuna, lile lile la uaminifu. Tena katika Ruthu 4:16 Naomi anakuwa mlezi wa mtoto Obedi, na jina la mlezi latoka katika shina hilo. Imani, basi, ni kuegemea mahali panapoweza kukubeba, kama mtoto kifuani pa mlezi. Haipimwi kwa ukubwa wa sauti ya kuomba.

Sasa tuje kwa utii, na hapa tutakaa zaidi. Neno linalotumika mara nyingi ni shama, na maana yake ya kwanza ni kusikia tu, kusikia kwa masikio. Ndilo linaloanza Kumbukumbu la Torati 6:4. Limo katika jina Simeoni, na katika Ishmaeli. Waliotafsiri Biblia yetu wameandika mara kusikia, mara kutii, kwa kuwa neno lina mambo yote mawili. Mswahili hahitaji kuelezwa sana. Mama akilalamika, "Mtoto huyu hasikii," hakuna anayempeleka kwa daktari wa masikio.

Hebu fungueni 1 Samweli 15. (Habari ya vita vile na Waamaleki ni nzito, na wengi hutuuliza juu yake, hiyo ina siku yake.) Sura hii imesukwa kwa maneno mawili, shama, na koli, yaani sauti. Katika mstari wa 1 Sauli anaambiwa aisikie sauti ya maneno ya Bwana. Katika mstari wa 14 Samweli anauliza, mbona masikioni mwake mna sauti ya kondoo na ng'ombe? Sauli anajibu kwamba wamehifadhiwa ili wachinjwe kwa Bwana, tena wale walio bora! Anasisitiza kwamba aliisikia sauti ya Bwana. Ndipo katika mstari wa 22 Samweli anamwambia kwamba kusikia kunapita dhabihu. Na katika mstari wa 24 ukweli unatoka: Sauli aliwaogopa watu, akaisikia sauti yao.

Tazameni basi. Sauli hakukosa sadaka, alikuwa na zizi zima. Hakukosa masikio pia, ila aliyatega upande mwingine. Kondoo wale walikuwa wa kufunikia uasi. Vivyo hivyo mtu husogeza mpaka wa shamba la mjane, au huwapunja vibarua ujira wao, kisha Jumapili huleta bahasha nene. Na kanisa likiipokea kwa vigelegele bila kumwuliza habari za mpaka, limemsaidia asisikie.

Linganisheni na Ibrahimu katika Mwanzo 22. Aliambiwa atoe ola, sadaka isiyobakizwa, naye hakuwa na zizi la kuchagulia. Alikuwa na Isaka. Imani yake imekwisha kutajwa katika sura ya 15, mstari wa 6, kwa shina lile la aman. Mlimani kondoo alipatikana. Lakini katika mstari wa 18 sababu ya baraka haitajwi kuwa yule kondoo. Ibrahimu anabarikiwa kwa kuwa aliisikia sauti, shama na koli, maneno yale yale yaliyomshinda Sauli.

Tena Zaburi 40:6 yasema Mungu hakutaka dhabihu, bali alimchimbia mtumishi wake masikio. Kitenzi cha Kiebrania ni kile cha kuchimba kisima. Tafsiri ya kale ya Kiyunani, mahali pa masikio, ina mwili aliowekewa tayari, na hivyo ndivyo Waebrania 10:5 inavyoyaweka maneno hayo kinywani mwa Kristo. Katika mstari wa 10 mwili huo unatolewa mara moja tu. Na katika mstari wa 22 mwandishi anatuita sisi tukaribie. Someni sura hiyo nzima nyumbani jioni ya leo, kwa sauti, ili na watoto wasikie.