Adi Shamir: Fundi wa kufuli za mtandaoni anayezivunja pia

Ukiingia kwenye akaunti ya benki kwa simu, kuna kufuli usiyoiona inayozuia wengine kusoma unachotuma. Miongoni mwa waliofanya kufuli za aina hiyo ziwezekane ni Adi Shamir, mwanasayansi wa kompyuta aliyezaliwa Tel Aviv, Israel, mwaka 1952.

Cha kushangaza, sehemu kubwa ya kazi yake imekuwa kuzivunja.

Kufuli ya watu watatu

Mwaka 1977, akiwa chuo cha MIT, Marekani, Shamir na wenzake Ronald Rivest na Leonard Adleman walibuni mfumo wa RSA, uliopewa herufi za kwanza za majina yao. Rivest na Shamir walileta mawazo, Adleman akayatafutia tundu. Mengi yalianguka, moja likasimama.

Siri yake ni hesabu. Kuzidisha 61 kwa 53 upate 3233 ni rahisi. Ila ukipewa 3233 tu, uambiwe utafute namba mbili zilizoizaa, utahangaika. Namba ikiwa na tarakimu mia kadhaa, hata kompyuta kubwa inakwama.

Basi namba hiyo kubwa hutangazwa wazi, na yeyote anaweza kuitumia kufunga ujumbe. Wa kuufungua ni yule tu anayezijua namba mbili za mwanzo.

Sanduku la kikoba

Mwaka 1979 Shamir alieleza jinsi ya kugawana siri. Wanavikoba wanalijua tatizo hili: sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Usalama upo, lakini mmoja akisafiri, sanduku halifunguki.

Kwa njia ya Shamir, siri inaweza kugawanywa kwa watu watano, na watatu wowote wakikutana inapatikana. Wawili wakila njama hawaambulii kitu, hata dokezo.

Laptopu iliyoropoka

Mwaka 1982 alivunja mfumo wa awali wa Ralph Merkle na Martin Hellman, uliokuwa mshindani wa RSA. Merkle alikuwa ameahidi dola 100 kwa atakayeweza. Akalipa.

Mwaka 2013 Shamir, Daniel Genkin na Eran Tromer walionyesha jambo la ajabu zaidi. Simu iliyowekwa karibu na laptopu ilinasa mlio mdogo unaotoka ndani ya mashine ikifanya kazi, na kwa mlio huo wakapata ufunguo wa RSA. Yaani hesabu ilikuwa salama, kumbe mashine yenyewe ndiyo iliyoropoka. Programu iliyohusika ilirekebishwa.

Kwa nini ajisumbue?

Mpaka leo hakuna aliyethibitisha kihesabu kwamba RSA haivunjiki. Inaaminika kwa sababu wajuzi wamejaribu miaka mingi wakashindwa. Kompyuta za kwanta zikifikia ukubwa unaotakiwa zitaivunja, ndiyo maana mwaka 2024 Marekani ilitoa viwango vya kufuli za aina nyingine.

Waasisi watatu wa RSA walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2002. Lakini kazi ya kutafuta tundu haikuishia hapo, na inakugusa hata wewe. Simu ikikuomba usasishe programu, usiipuuze: mara nyingi kuna mtu kagundua tundu, na sasa linazibwa.