Onyo la F-Droid Si Virusi

Swali lilelile tena, safari hii kutoka Mubuku: "VPN ya F-Droid imeandikiwa onyo. Hii niliyotumiwa kwa WhatsApp haina onyo lolote. Si hii ndiyo salama?"

Hapana. Haina onyo kwa sababu hakuna aliyeikagua! Kidonge kilichofungwa kwenye kipande cha gazeti nacho hakina karatasi ya madhara.

F-Droid, ghala la programu huria lililoanza mwaka 2010, huchukua msimbo ulio wazi, huunda programu upya kutoka humo, kisha wanaojitolea huandika yale wasiyoyapenda: ina matangazo, inamfuatilia mtumiaji, inategemea huduma ya kampuni isiyo huria. Programu ya NewPipe imewahi kubandikwa hilo la mwisho kwa sababu tu video zake zinatoka YouTube. Hayo ni maelezo, uamuzi ni wako. Onyo la kukufanya ufute programu leo ni lile la udhaifu wa kiusalama unaojulikana. Someni limeandikwa nini, jamani, kabla ya kuogopa.

Imani kwamba kisicho na onyo ni salama ilipata nguvu Januari 2021. Tarehe 12, siku mbili kabla ya uchaguzi wa Uganda, mitandao ya kijamii ilizibwa, Google Play nayo ikazibwa, na faili za VPN zikawa zinarushwa simu kwa simu, kuanzia Kasese mjini hadi Bwera. Intaneti iliporudi tarehe 18, Facebook ilibaki imefungwa, na faili zile zikabaki kwenye simu. Za nani? Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa CSIRO ya Australia, walichunguza VPN 283 za Android: asilimia 18 hazikusimba data hata kidogo, na asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi. Hizo zilitoka Google Play, dukani kabisa, bila onyo. Ya kurushiwa na rafiki wa rafiki utaiamini kwa lipi?

Basi, upesi. Futa VPN usiyemjua mmiliki wake. F-Droid ipakue f-droid.org, si kwingineko. Humo mna Mullvad, ya kulipia, na RiseupVPN, ya bure. Tazama tarehe ya toleo la mwisho. Iliyolala miaka iache. VPN ikiomba kusoma SMS zako, kataa. Intaneti yote ikizimwa, kama usiku wa tarehe 13 mwaka ule, hakuna VPN itakayokufaa. Programu ya Briar hupeleka ujumbe kwa Bluetooth kwa aliye karibu, ila iwekeni nyote wawili mapema.